Kadi Namba 1022117

Walubengo alikuwa na miaka hamsini na minane, na zaidi ya nusu ya hiyo aliimaliza Moi's Bridge, kwenye stoo za mahindi. Alifika pale akiwa kijana wa kubeba magunia, ametoka upande wa Kimilili baada ya kuacha shule darasa la sita. Kwa vile kichwa chake kilikuwa chepesi, mwenye stoo alimtoa kwenye ubebaji akamweka kwenye mizani. Kuanzia hapo kazi yake ikawa kusoma uzito, kuutaja kwa sauti, na kuangalia mahindi yakipita kwenye chekecheke kubwa ya waya kabla ya gunia kushonwa. Madereva walimjua kama mtu asiyekosea. Lori lingeingia na magunia mia mbili kumi na saba ya kilo tisini, na kabla karani hajatoa kalamu sikioni, Walubengo angekuwa ameshasema: kilo elfu kumi na tisa, mia tano na thelathini. Karani angeandika bila hata kuhakikisha.

Kisha figo zake zikafa. Ilianza na miguu kuvimba, naye akalaumu gambuti alizovaa kazini. Ikafuata pumzi, akalaumu vumbi la mahindi. Alipofikishwa hospitali mjini Eldoret, daktari alimwambia kwa upole kwamba figo zote mbili zilikuwa zimeacha kazi, na kwamba damu yake itabidi isafishwe kwa mashine, kila Jumanne na kila Ijumaa, kwa muda wa saa nne kila mara. Yeye na mkewe Nekesa wakahama Moi's Bridge wakapanga nyumba Langas, nyuma ya kanisa, ili awe karibu.

Mwaka wa kwanza alivumilia. Wa pili ukamshinda. Kiu yenyewe ilikuwa adhabu, maana maji ya siku nzima yalikuwa kikombe kimoja na nusu, naye alikuwa mtu wa kunywa chai ya birika. Lakini kilichomuuma zaidi hakukisema kwa mtu. Kila alipofika hospitali alipandishwa kwenye mizani, na alipotoka akapandishwa tena, na muuguzi akaandika. Yeye aliyekuwa akipima lori nzima sasa alikuwa anapimwa kama gunia, na hakuna aliyemuuliza namba yoyote.

Jumanne moja ya mwezi wa pili, wakati Sista Edinah, muuguzi wa chumba kile, anamfunga mirija, Walubengo alimwambia, "Ijumaa usinitengee kiti."

"Unasafiri, Mzee?"

"Sisafiri. Nimechoka tu."

Sista Edinah alisimama pale na plasta mkononi. Alikuwa amewahi kusikia maneno hayo kwa wengine na alijua yanamaanisha nini. Kabla hajajibu, mashine ya upande wa dirishani ikalia na ikabidi akimbie huko.

Aliyekuwa kiti cha pili aliyasikia. Aliitwa Waiyego, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mwalimu wa hesabu katika shule ya wasichana karibu na Timboroa, ambako babu yake alihamia zamani kutoka Murang'a kulima viazi. Alikuwa akitoka kwao alfajiri na mapema, amevaa sweta mbili na kofia ya sufu, na akifika alitoa vitabu vya wanafunzi akasahihisha kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa kwenye mashine. Mwaka mzima wamekaa jirani, na hawakuwa wamesemezana zaidi ya habari ya asubuhi.

"Mzee," alisema, "naomba nione kadi yako."

Walubengo alimpa kadi ya hospitali akidhani anataka kulinganisha tarehe. Waiyego hakuangalia tarehe. Aliangalia namba iliyoandikwa juu, 1022117. Midomo yake ilicheza kidogo, kama mtu anayesoma bila sauti. Baada ya kama dakika moja akamrudishia.

"Umewahi kujiuliza kama hii namba inagawanyika?"

"Inagawanyika na nini?"

"Na chochote. Mbali na moja, na mbali na yenyewe."

Walubengo aliitazama kadi. Miaka miwili alikuwa ametembea nayo mfukoni na hakuwahi kuiona. "Kwa mbili haiwezi," alisema. "Imeisha na saba. Kwa tano pia haiwezi."

"Na tatu? Jumlisha tarakimu zake."

"Kumi na nne."

"Kumi na nne haimo kwenye hesabu ya tatu, kwa hivyo namba yote haimo. Saba je?"

Walubengo alifumba macho. Alikuwa hajafanya hivyo kwa muda mrefu, na mwanzoni namba ziliteleza. Kisha zikatulia. "Inabaki tano."

Waiyego alichukua simu yake akahakikisha. "Umefanya kwa kichwa?"

"Nilikuwa kwa mizani," alisema Walubengo, kana kwamba hilo lilitosha.

Mwalimu alichana karatasi mbili kwenye daftari lake akampa na kalamu. Kwa kumi na moja ilibaki nane. Kwa kumi na tatu ilibaki tano. Sista Edinah aliporudi kumtoa kwenye mashine, Walubengo aliinua mkono ulio huru akamwambia angoje amalize kumi na saba. Ilibaki tisa.

"Ijumaa uniambie kumi na tisa," alisema Waiyego, ameshavaa sweta ya kwanza. "Kwa mkono, Mzee. Simu ikigawanya, ni simu ndiyo itakuwa imejua."

Huko Langas Nekesa alikuwa amejiandaa. Tangu Jumanne jioni aliona jinsi mumewe alivyojiinamia, akahofu amekata tamaa, na alikuwa ameshaongea na mchungaji ili Ijumaa asubuhi aje kumshawishi aende hospitali. Mchungaji alikuja kweli. Alimkuta Walubengo amevaa, amechana nywele, yuko mlangoni anamuuliza Nekesa penseli ya fundi aliyejenga choo iliwekwa wapi.

Kwa kumi na tisa ilibaki kumi na mbili.

Siku hiyo Waiyego alimweleza utaratibu. Kama mbili imekataa, nne, sita na nane hazina haja ya kuulizwa, kwa sababu ndani yake mna mbili. Kama tatu imekataa, tisa imekataa pia. Zinazostahili kuulizwa ni zile ambazo zenyewe hazigawanyiki, kama saba, kumi na moja, kumi na tatu.

"Kwa Kiswahili zinaitwa namba tasa," alisema.

Walubengo hakulipenda neno hilo. Kwao Kimilili neno hilo mwanamke akiitwa, ndugu zake wanaweza kuja na fimbo. "Hilo jina ni baya, mwalimu."

"Ni baya, na limekosea," alisema Waiyego. "Namba zingine zote zimezaliwa na hizi. Hakuna namba yoyote ambayo ukiivunja mpaka mwisho hutazikuta hizi ndani."

Aliyasema akiangalia dirishani. Walubengo alijua kidogo habari zake, kwamba ugonjwa ulimkuta miezi michache kabla ya harusi, na kwamba harusi haikufanyika tena. Hakuuliza.

"Na nitaziuliza mpaka lini?" alisema badala yake. "Namba haziishi."

"Mpaka elfu moja na kumi na moja tu. Chukua 1011 uizidishe yenyewe kwa yenyewe, unapata 1022121, ambayo imepita namba yako kwa nne. Sasa, kama namba yako inagawanyika, ni mbili zimezidishana. Haziwezi zote mbili kuwa kubwa kuliko 1011, maana zingeipita. Lazima mojawapo iwe upande huu. Ukifika huko na zote zimekataa, basi namba yako ni tasa, na hakuna wa kukupinga."

"Na ziko ngapi za kuuliza?"

"Hiyo utaniambia wewe."

Akamfundisha kuzichuja. Andika namba zote kuanzia mbili. Futa kila inayohesabika kwa mbili, ila mbili yenyewe. Kisha kwa tatu, kwa tano, kwa saba, hivyo hivyo. Zitakazobaki ndizo. Walubengo alilielewa jambo hilo haraka kuliko wanafunzi wengi wa mwalimu, maana maisha yake yote alikuwa ameona chekecheke ikifanya kazi hiyo hiyo: kubwa zinabaki, chenga zinaanguka.

Nekesa alinunua daftari la kurasa mia mbili. Kwa wiki mbili meza ya nyumba ile ilijaa namba. Walubengo aliandika kwa mistari, akafuta kwa wino mwekundu, na Jumanne ya wiki ya tatu akampelekea mwalimu orodha ya namba mia moja sabini na moja zilizo chini ya elfu moja.

Waiyego alipitisha kidole. "Zimezidi, Mzee. Zinafaa kuwa mia moja sitini na nane. Kuna tatu zimejipenyeza."

"Zipi?"

"Si wewe ndiye mwenye chekecheke."

Alizikamata Ijumaa, mbele ya macho ya mwalimu: 667, ambayo ni 23 mara 29, 899, ambayo ni 29 mara 31, na 901, ambayo ni 17 mara 53. Alizipiga msalaba kwa hasira kama mtu anayetoa mawe kwenye mahindi. Kisha, juu ya elfu moja, akaongeza 1009, ambayo ilikuwa imebaki peke yake kabla ya kufika 1011. Jumla mia moja sitini na tisa.

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza. Haikuwa kazi ya haraka. Siku za baada ya mashine alikuwa mchovu, na kugawanya kwa mkono namba ya tarakimu saba si kitu cha kukurupuka. Alifanya moja kwa siku. Siku nzuri alifanya mbili. Kila moja aliirudia mara mbili, kwa sababu mtu wa mizani hapimi mara moja, na baki aliiandika upande wa kulia na kuizungushia duara. Jumanne na Ijumaa alimwonyesha Waiyego alikofika, naye aliangalia, akasema "sawa," akarudi kusahihisha vitabu vyake.

Mwezi wa nne kukatokea jambo. Kwa hamsini na tisa, ilibaki moja. Walubengo alihakikisha mara nne. Moja tu. Kesho yake akaijaribu sitini na moja, nayo ikabaki moja. Sitini na saba ilibaki thelathini na mbili, akapumua. Sabini na moja ikabaki moja tena.

"Hii namba inanichezea," alimwambia mwalimu, akiweka daftari juu ya mapaja yake. "Mara tatu nimefika mlangoni."

Waiyego alilivuta daftari karibu. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane aliweka chini vitabu vya wanafunzi kabisa. Aliandika kwa muda, akazidisha pembeni, akazidisha tena.

"Njoo uone," alisema, kana kwamba Walubengo angeweza kwenda mahali na mirija mkononi. "Umefika mlangoni kwa jirani. Chukua namba inayotangulia yako, 1022116. Hiyo ni mbili, mara mbili, mara hamsini na tisa, mara sitini na moja, mara sabini na moja. Imejaa kabisa. Ndiyo maana yako inabakiza moja kila mahali hapo."

"Kwa hivyo kama ningepewa kadi ya mtu aliyenitangulia..."

"Ungekuwa umemaliza siku ya kwanza."

Walubengo alicheka. Alicheka mpaka mashine ikaanza kulalamika na Sista Edinah akaja kuangalia kuna nini. Hakuwa amewahi kumsikia mzee huyo akicheka, na hakujua kama amwambie anyamaze ama amwache. Alimwacha.

Tangu siku hiyo chumba kizima kikajua. Watu wa viti vingine walikuwa wakimuuliza, "Mzee, umefika ngapi?" naye anajibu, "Mia moja ishirini na saba," ama "Mia mbili hamsini na moja," na mtu anatikisa kichwa kwa heshima, ingawa wengi hawakujua hasa anatafuta nini.

Mwezi wa sita aliugua vibaya. Homa ilimpata kupitia pale mirija inapoingia, akalazwa siku tisa. Siku ya tano, akiwa hawezi kushika kitu, alimwambia Nekesa alete daftari. Nekesa alidhani homa ndiyo inaongea. Yeye na hesabu waliachana darasa la nne, na tangu hapo alihesabu kwa vidole na kwa punje za maharagwe. Lakini alilileta.

"Tumefika 503," alisema Walubengo. "Andika. Ile ndefu ndani, 503 nje."

Nekesa aliandika. Mumewe alilala na macho yamefumba, akimwongoza: angalia inaingia mara ngapi, andika juu, zidisha, toa, teremsha inayofuata. Ilichukua karibu saa nzima. Alikosea kutoa mara mbili, akafuta kwa kidole chenye mate kama mtoto wa shule.

"Nimepata ishirini na moja," alisema mwishowe. "Ni sawa?"

Walubengo aliirudia yote kichwani, polepole, hata Nekesa akadhani amelala. "Ni sawa," akasema. "Zungushia."

Baadaye Nekesa alimwambia jirani yake, Mama Musimbi, kwamba katika miaka thelathini na tatu ya ndoa hawakuwahi kukaa hivyo, wawili juu ya kitu kimoja, bila mtu wa tatu. Siku zilizobaki za kulazwa walifanya nne zaidi.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa Walubengo alifika 997. Ilibaki mia moja tisini na mbili. Hiyo ilikuwa ya mia moja sitini na nane, na zote zilikuwa zimekataa. Ilikuwa imebaki moja tu, 1009, na moyoni alikuwa ameshaamua. Namba yake ilikuwa tasa. Aliizoea hivyo, na hata alianza kujivunia kwamba imeshindikana.

Aliifanya Alhamisi asubuhi, baada ya uji, ili tu amalize. 1009 kwenye 1022, mara moja, inabaki 13. Akateremsha moja: 131, haingii, sufuri. Akateremsha moja tena: 1311, mara moja, inabaki 302. Akateremsha saba: 3027. Akazidisha 1009 kwa tatu pembeni ya karatasi.

3027.

Aliangalia ile iliyo juu, akaangalia ile ya pembeni. Akatoa moja kwa nyingine, tarakimu kwa tarakimu, na chini hakukubaki kitu.

"Nekesa," aliita. Alipokuja alikuwa ameshageuza ukurasa na anazidisha upya, 1009 mara 1013, na kwa mara ya pili namba ya kadi ikatoka, nzima, kuanzia moja ya mbele mpaka saba ya nyuma. "Imefunguka."

Nekesa alifuta mikono kwenye leso akakaa karibu naye. Alichukua penseli, akaizungushia sufuri duara.

Kesho yake Walubengo alivaa shati la kanisani kwenda hospitali. Kiti cha Waiyego kilikuwa kitupu, kimetandikwa shuka safi. Katika chumba kile kiti kitupu kilikuwa na maana moja, naye akasimama pale pale. Sista Edinah aliuona uso wake akamjia haraka.

"Hapana, Mzee. Ni habari njema. Dada yake, Nyokabi, vipimo vyake vimekubali. Anampa figo. Walikuwa wamepangiwa mwezi ujao, lakini wakaitwa mapema. Wako Nairobi tangu Jumatano."

Walubengo alipanda mizani, akakaa kwenye kiti chake, akanyoosha mkono. Saa nne zile alikuwa na furaha, na ndani ya furaha hiyo mlikuwa na kitu kizito. Angeweza kumpigia simu, lakini habari ile hakutaka iende kwa simu. Alitaka aone uso wa mwalimu. Nyumbani akalifunga daftari kwa mpira akaliweka juu ya kabati, na Jumanne iliyofuata akaenda hospitali kama kawaida. Hakuna aliyemlazimisha. Alishangaa mwenyewe baadaye alipokumbuka kwamba siku hiyo hakufikiria kutokwenda.

Nyokabi alipiga simu katikati ya mwezi wa kumi na mbili. Waiyego alikuwa nyumbani Timboroa, anaendelea vizuri, na alikuwa amemuulizia mzee wa namba.

Walienda Jumamosi, yeye na Nekesa. Timboroa ilikuwa baridi kama kawaida yake, ukungu umekaa juu ya msitu, lakini uani kulikuwa na jua na Waiyego alikuwa ameketi hapo kwenye kiti cha mbao, amevaa barakoa. Uso wake ulikuwa umejaa kwa sababu ya dawa. Mama yake alikuwa karibu akimenya njegere kwenye ndoo, na Nekesa, baada ya salamu, akavuta kigoda akaanza kumsaidia.

Walubengo alikaa mbali kidogo, alivyoelekezwa, akamnyooshea daftari.

Waiyego hakukimbilia mwisho. Alianza ukurasa wa kwanza. Aligeuza mmoja baada ya mwingine, akasimama kwenye 503, akaona mwandiko ni mwingine, akamtazama Nekesa, akaendelea. Alipofika kwenye duara lenye sufuri, macho yake yalikuwa yamelowa.

"1009 mara 1013," alisema.

"Ndiyo."

"Mzee, kuna kitu lazima nikwambie. Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nilijua siku ile ile, ulivyonipa kadi. Niliona kwamba 1011 mara yenyewe imeipita namba yako kwa nne, na nne ni mbili mara mbili. Kukiwa hivyo kuna njia ya mkato. Angalia, kumi mara kumi ni mia. Ukitoa nne ni tisini na sita. Na tisini na sita ni nane mara kumi na mbili: kumi ukitoa mbili, na kumi ukiongeza mbili. Yako ni hivyo hivyo. 1011 ukitoa mbili, mara 1011 ukiongeza mbili."

Walubengo alihesabu kimya. Ilikuwa kweli, na ilikuwa rahisi hata akaona aibu. "Miezi saba," alisema.

"Miezi saba."

"Na wewe unaniangalia tu, unasema sawa, sawa."

"Ndiyo."

Mama yake Waiyego aliacha kumenya. Walubengo alikuwa ameangalia chini, na mikono yake mikubwa ya magunia ilikuwa imekazana juu ya magoti.

"Ulikuwa umemwambia Sista asikutengee kiti," alisema Waiyego. "Na mimi jana yake nilikuwa nimemwambia mama maneno hayo hayo, hapa hapa. Muulize. Sikuwa na neno la kukwambia, Mzee, kwa sababu sikuwa nalo hata la kujiambia mimi. Nilikuwa na hesabu tu. Kama ningekupa jibu siku ile ungesema asante, na Ijumaa usingekuja." Alipangusa macho juu ya barakoa. "Na mimi singekuja. Kuna asubuhi nyingi niliamka hapa saa kumi, baridi inauma, na kitu pekee kilichonitoa kitandani ni kwamba nataka kujua umefika ngapi."

Mama yake aliitikia kwa kichwa, polepole.

Walubengo alipoinua uso hakuwa amekasirika tena. "Lakini zote mia moja sitini na nane nimezifanya mimi," alisema.

"Wewe. Na nyingine mkeo."

"Kwa hivyo hii namba hakuna anayeijua kuliko mimi."

"Hakuna. Hata mimi sikujua habari ya hamsini na tisa na jirani zake mpaka uliponilalamikia. Njia ya mkato haipitii huko."

"Basi asante, mwalimu," alisema Walubengo. Akarudia hilo hilo. "Asante."

Walikula njegere na viazi vilivyopondwa, Walubengo kiasi kidogo alichoruhusiwa, na Nyokabi akaja kutoka shambani akitembea kwa uangalifu, mkono ukiwa ubavuni penye kovu. Walubengo alisimama kumsalimia kwa mikono miwili kama anavyosalimiwa mtu mkubwa, ingawa Nyokabi alikuwa na miaka ishirini na sita.

Jumapili iliyofuata, katika kanisa lao pale Langas, mchungaji aliuliza kama kuna mwenye ushuhuda. Walubengo alisimama. Watu waligeuka, kwa sababu hakuwa mtu wa kusimama, na wengine wakaanza kupiga makofi mapema, wakidhani amepona.

"Sijapona," alisema. "Bado naenda Jumanne na Ijumaa. Nimesimama kushukuru Mungu kwa ajili ya Mwalimu Waiyego wa Timboroa, na dada yake Nyokabi, na kwa ajili ya mke wangu, ambaye siku hizi anajua kugawanya kwa tarakimu tatu." Nekesa aliinamisha kichwa. "Na nashukuru kwa namba mia moja sitini na nane. Nilizigonga moja moja zikakataa. Kila iliyokataa ilinipa siku moja ya kuamkia. Kama ya kwanza ingekubali, mimi singekuwa hapa."

Mama Musimbi alimwangalia Nekesa kuona kama aseme amina, Nekesa akaitikia kwa macho, na Mama Musimbi akasema amina peke yake, kwa sauti kubwa.

Mchungaji alisogea mbele, hana hakika aende wapi na neno hilo. "Ndugu Walubengo," alisema, "tukuombee nini?"

"Leo hakuna la kuombewa, mchungaji. Leo nashukuru tu."

Akakaa, Nekesa akamsogezea kitabu cha nyimbo, na kwaya ikaanza kuimba, ikiwa imechelewa kidogo.